UZI: Utamu kolea – vitu vitamu vya usiku wa mazimwi bila oveni, katika joto la Oktoba Tabora

#1 Nyanyembe_Jikoni (Kanyenye, Tabora)

Mwangaluka wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Zimebaki wiki tatu na nimekwama. Mdogo wangu anaishi Chicago, anakuja likizo na wanawe wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine sita. Tarehe 31 Oktoba watakuwa hapa kwangu. Huko kwao usiku huo, wanauita Halloween, watoto huvaa kama mizimu na majini, wakapita nyumba kwa nyumba wakipewa pipi, na kila nyumba hutengeneza vitu vitamu vyenye sura za kutisha: buibui, popo, macho, vidole. Vingi haviokwi kabisa, ni vya kuyeyusha, kuchanganya na kufinyanga. Yule mkubwa akaniuliza kwenye simu, "Mama mkubwa, na huko kwenu kuna usiku wa kutisha?" Nikamwambia upo, tunazima taa, tunakaa uwani na kusimuliana hadithi za mazimwi. Sasa nimeahidi, na watoto wa nyumba zote za jirani wameshasikia. Ni kumi na wanne pamoja na hao wageni.

Oveni sina. Nina majiko mawili ya mkaa na friji ndogo.

Jumamosi nilifanya majaribio matatu, yote yakaharibika.

Kwanza nilinunua chokoleti za dukani, nikaziyeyusha juu ya maji ya moto na kuchora popo kwenye karatasi. Kwenye friji waligandia vizuri. Nilipowatoa saa nane mchana, hata robo saa haikupita, mbawa zikaanza kumwagika. Baadaye nikaelewa: chokoleti hulegea ikikaribia nyuzi 30 na ikifika 34 imekwisha. Na sisi mchana wa Oktoba tunapita nyuzi 32. Huko kwao mwezi huo majani yanapukutika na baridi inaingia, kwa hiyo chokoleti inakaa mezani usiku kucha. Hapa ndio tunamalizia kiangazi, ardhi imepasuka na tunaisubiri mvua ya Novemba.

Pili, bisi za kushikamanishwa na asali ili ziwe vichwa vya mazimwi. Usiku zilikuwa ngumu na nzuri, asubuhi zimelegea, zinanata kwenye vidole kama ulimbo.

Tatu, kashata za karanga. Sufuria ya kwanza iliganda mpaka nikaivunja kwa mchi. Ya pili ilirudi kuwa chenga za sukari nyeupe, karanga zikabaki zimelala kwenye mchanga.

Mwenye ujuzi anisaidie. Sitaki kununua pipi za paketi nikazimwaga kwenye sinia. Nataka watoto hawa waone vitu vimetoka jikoni kwetu.

#2 BibiKashata_Ujiji

Marahaba mwanangu. Kashata ninauza tangu kina mama wa hapa Ujiji wanabeba sinia kichwani kwenda mwaloni, nasi tukiwa watoto tunawafuata nyuma. Ngoja nikuambie.

Kosa lako ni moja katika zote mbili: uliitazama saa badala ya kuitazama shira. Shira haina saa. Mkaa wa leo si mkaa wa jana, na sufuria nyembamba si sawa na sufuria nzito.

Chukua sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, na ndimu matone matano au sita. Usiiache ndimu. Ndiyo inayozuia sukari isirudi kuwa chenga, kwa sababu uchachu wake unaivunjavunja sukari na zile punje zinashindwa kushikana tena. Koroga sukari ingali baridi mpaka iyeyuke. Ikianza kuchemka, mwiko weka chini. Ukiendelea kukoroga shira inayochemka unaiita chenga kwa jina lake. Punje zikiganda ukingoni mwa sufuria, chovya kitambaa safi kwenye maji uzifute, maana punje moja ikidondoka inaharibu sufuria nzima.

Sasa tazama mapovu. Mwanzoni ni makubwa, mepesi, yanapasuka haraka na mvuke ni mwingi. Maji yakipungua mapovu yanakuwa madogo, mazito, yanapanda polepole kama uji wa ulezi. Hapo weka bakuli la maji baridi pembeni. Dondosha tone la shira humo, liokote kwa vidole.

Likiyeyuka majini, bado. Likiwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza kikabonyea, hiyo ni shira ya labania. Kidonge kikiwa kigumu lakini bado kinakubali jino, hiyo ni ya kushikia bisi. Tone likigonga maji likalia *ta!* na ukilikunja linavunjika kama kioo, hiyo ndiyo ya kashata za karanga. Kutoka hatua moja hadi nyingine ni dakika moja au mbili, kwa hiyo kabla ya kila jaribio epua sufuria. Wengi wanaiacha jikoni wakati wanachezea tone kwenye bakuli, wanarudi imeshapita.

Karanga zako vikombe viwili ziwe zimekaangwa na bado zina moto. Karanga baridi zinaigandisha shira kabla hujaichanganya, ndiyo ile sufuria uliyoivunja kwa mchi. Mwaga zote mara moja, iliki iliyotwangwa nusu kijiko, geuza haraka, mimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, sukuma kwa chupa iliyopakwa mafuta. Kata ikiwa bado ya moto. Ukisubiri ipoe, utakuwa unavunja, hukati.

#3 mrina_asali (Sikonge)

Dada, salaam. Bibi kamaliza upande wa sukari, mimi niseme la asali maana ndiyo kazi yangu.

Asali haitulii. Hata ikiwa imeiva mzingani vizuri ina maji karibu asilimia 18 hivi, na sukari yake ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana bisi zako zililegea usiku. Ukitumia asali peke yake itafanya hivyo kila mara. Changanya nusu kwa nusu: sukari nusu kikombe, asali nusu kikombe, siagi kijiko kimoja cha mezani, chumvi kidogo. Sukari ichemke kwanza na maji kidogo na ndimu, ikikaribia kuwa kidonge kigumu ndipo unatia asali, inachemka tena kidogo, unapima kwenye maji, unamwaga kwenye bisi.

Usiichemshe asali tangu mwanzo. Moto mrefu unaifukuza harufu, na asali ya miyombo ya huku kwetu thamani yake ni harufu. Itakuwa umenunua asali ukala sukari ya kuungua.

Halafu usitumie asali ya nyuki wadogo kwa kazi hii. Ni tamu ya uchachu, ni dawa kwa watu wengi, lakini ina maji zaidi, haitashika bisi hata siku moja. Tafuta ile nzito ya nyuki wakubwa. Ukiinua kijiko, ishuke kama kamba bila kukatika.

Bisi ziwe za mahindi ya bisi, sio mahindi ya ugali. Na zikishafinyangwa, zifunge kwenye nailoni au kwenye ndoo yenye mfuniko siku hiyohiyo. Mvua ya kwanza ikinyesha kabla ya sherehe yako, hewa inabadilika usiku mmoja tu.

#4 kaka_reli

Wakuu naomba niseme kitu na nisieleweke vibaya. Mimi ni mzazi wa watoto watatu. Hii sherehe ya mizimu ya Wazungu inaingia kwenye shule na kwenye simu za watoto, na sisi tunaibeba bila kuuliza. Watoto wetu wanajua buibui wa plastiki na boga lenye meno, lakini ukiwauliza zimwi gani lilimeza watu wa Unyamwezini na Usukumani hawajui. Dada, una nia njema. Lakini kwa nini uwafanyie wageni kile walichokiacha kwao?

#5 Nyanyembe_Jikoni

Kaka yangu, hoja yako nimeipokea na imenikaa. Nikueleze nilivyofikiri.

Usiku ule asili yake ni wa Ireland. Wazee wa huko walikuwa na sikukuu ya kufunga mavuno na kuukaribisha msimu wa giza, na waliamini usiku huo wafu wako karibu. Kanisa lilipoiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, usiku wa kuamkia siku hiyo ukabeba yote mawili. Hata lile boga, kwao Ireland walikuwa wanachonga tanipu, mzizi wa duara kama figili. Walipohamia Marekani wakakuta maboga makubwa, laini kuchonga, wakabadilisha. Yaani hata wao wenyewe walichukua kilichopo shambani.

Kwa hiyo mizimu na makaburi sitaweka, nimeshaongea na majirani na wengine ni Waislamu, hawataki mavazi hayo, na mimi nimekubali. Ninachotaka ni usiku, hadithi na utamu. Hadithi zetu zenyewe zinafunguliwa hivyo: hadithi njoo, uongo njoo, *utamu kolea*. Utamu unakolea kama shira ya bibi hapo juu.

Sasa wewe umesema zimwi lililomeza watu. Ni Shing'weng'we. Tusaidie, uisimulie hapa jinsi ulivyoipokea wewe.

#6 kaka_reli

Nitaisimulia, ingawa ni mchana na hadithi si za mchana.

Kwa jinsi nilivyosimuliwa na bibi mzaa mama: Shing'weng'we alimeza watu wote wa nchi, na ng'ombe, na mbuzi. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza, "Mama, watu wengine wako wapi?" Akaambiwa. Akaenda porini akarudi na panzi: "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we aliyemla baba?" Mama akasema, "Hapana mwanangu, huyo ni panzi, tumkaange tule." Akaenda tena akarudi na ndege. "Huyu ndiye?" "Hapana, huyo ni ndege." Akarudi na paa. Kila mara mnyama mkubwa zaidi, mpaka siku akamkuta mwenyewe. Akamuua, akampasua tumbo, watu wote wakatoka wazima, na baba yake akiwemo. Ila kisu kilipopita kilimkata bibi mmoja sikio, yule bibi akakasirika sana, ikabidi kijana atafute dawa akamponye.

Sisi tulikuwa tukiitikia kila mnyama. Bibi akisema "huyu ndiye?", watoto wote: "Hapana!"

#7 Nyanyembe_Jikoni

Kaka, umenimalizia kazi. Nimesoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni.

Nitamtengeneza Shing'weng'we. Mzima. Tumbo kubwa la biskuti na kakao, na ndani yake watu: kashata, labania, ubuyu. Kabla yake wanakuja panzi, halafu ndege. Kila mtoto anashika panzi wake anauliza, wote wanaitikia "Hapana!", anakula. Mwisho mtoto mmoja anapewa kisu butu apasue tumbo.

Panzi ni tende. Unatoa kokwa, unajaza karanga iliyosagwa, unachomeka vijiti viwili vya tambi zilizokaangwa viwe pembe, na vingine vya kukunja viwe miguu ya nyuma. Nimejaribu mmoja sasa hivi. Kwenye mwanga wa kibatari ukimwangalia kwa mbali unaruka.

#8 mpishi_wa_mkaa (Nzega)

Dada mimi friji sina kabisa na nataka kufanya hili kwa wanangu. Biskuti za kuchanganya na maziwa ya kopo si zitalegea? Na sisimizi je? Huku kwetu ukiweka sukari mezani, kabla hujageuka wameshaandamana.

#9 Nyanyembe_Jikoni

Ndugu yangu, Oktoba hii kavu ina msaada mmoja: maji yanakauka haraka, na yanapokauka yanaondoka na joto. Chukua beseni, mimina mchanga, mwagia maji mpaka uloe, weka sinia lako juu, funika kwa chombo kisha juu yake gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Liweke penye upepo, kivulini, ulirudishie maji kila likikauka. Haliwi barafu, ila linatosha kugandisha mchanganyiko wa biskuti ukiutengeneza mkavu kidogo. Au omba barafu kwa jirani uweke kwenye deli.

Sisimizi: miguu ya meza kwenye vikopo vya maji, miguu yote minne, na meza isiguse ukuta wala pazia. Pazia ndilo watu wanalisahau.

Siri ya ukavu ni kupunguza siagi, kwa sababu siagi nayo ni mafuta, inalegea na joto. Badala yake tia maziwa ya unga. Kesho nafanya jaribio kamili nitaleta vipimo.

#10 muuguzi_Ipuli

Habari za kazi dada. Nafurahia sana huu uzi, lakini naomba nafasi kidogo kwa upande wa usalama, maana nimeona watoto wa umri tofauti.

Karanga nzima, bisi na mbegu za ubuyu msiwape walio chini ya miaka minne au mitano. Vinateleza na kuingia njia ya hewa, tunawapokea. Wadogo wapewe labania laini au tende iliyokatwa vipande.

Asali hata ya kulamba haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijimbegu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, vikatoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha nyumbani hakuviui.

Karanga zichagueni moja moja kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au chungu, itupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga, na sukari inaficha ule uchungu ambao ungekuonya.

Na shira. Maji ya moto yanateleza yakaondoka, shira inaganda juu ya ngozi na kuendelea kuunguza. Watoto wasiwe karibu na jiko kabisa wakati wa kupika, waje wakati wa kufinyanga. Ikitokea mtu ameungua, maji safi ya bomba yasiyo barafu yatiririke juu ya jeraha dakika 20, kisha kituo cha afya. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna unga.

#11 BibiKashata_Ujiji

Muuguzi asante sana mwanangu. Mimi nina kovu la shira mkononi tangu nikiwa msichana, ninajua anachosema.

#12 Nyanyembe_Jikoni

Nimerudi na vipimo. Hili ni jaribio la pili, la kwanza lilikuwa na siagi nyingi, tumbo likalala.

Tumbo, kwa bakuli la lita tatu:
biskuti za chai gramu 800, maziwa mazito ya kopo makopo mawili (yale ya karibu gramu 400), kakao gramu 100, siagi gramu 100 tu, maziwa ya unga kikombe kimoja, chumvi kidogo.

Biskuti nusu zitwange ziwe unga, nusu zivunje vipande vya ukubwa wa punje ya maharage. Ukizitwanga zote unapata udongo. Vile vipande ndivyo vinavyoleta ngozi yenye mabonde, na mtoto akitafuna anasikia kitu. Yeyusha siagi, changanya na kakao mpaka isiwe na madonge, ongeza maziwa ya kopo, kisha biskuti, mwisho maziwa ya unga kidogo kidogo. Mchanganyiko unatakiwa ukiubana mkononi ubaki na alama za vidole na usiache mafuta kiganjani.

Tandika nailoni ndani ya bakuli, iache inaning'inia nje. Bandika mchanganyiko pande zote, unene wa kidole, ukibonyeza kwa nyuma ya kijiko kilichochovywa kwenye maji. Acha kiasi cha kufunikia na cha kichwa. Jaza tumbo: kashata ndogo za karanga, kashata za nazi, labania, ubuyu mwekundu uliofungwa kwenye vikaratasi ili usilowane. Funika kwa mchanganyiko uliobaki, bana ukingo, weka friji usiku kucha. Kesho yake pindua kwenye sinia, vuta nailoni.

Lilitoka zima. Jeusi, la duara, na ile mikunjo ya nailoni imeacha mistari mwilini kama ngozi ya kiboko. Nilikaa kwenye kigoda nikalitazama tu.

Macho ni labania. Maziwa ya unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, iliki. Shira ifike kidonge laini, epua, mimina maziwa, koroga haraka. Ikiwa bado ya vuguvugu finyanga mipira, katikati bonyeza zabibu kavu. Ulimi nao ni labania, sehemu yake ya maji nilitumia choya (rozela) iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu nzito. Nionye mapema: choya ni chachu, maziwa ya unga yakikutana na nyingi yanakatika. Vijiko viwili vya choya nzito vinatosha, maji yanayobaki yawe ya kawaida. Meno ni kashata za nazi zilizokatwa pembetatu.

Bisi zimefanikiwa. Nilifuata njia ya kaka wa Sikonge neno kwa neno, ni siku ya tatu leo ziko kwenye ndoo, bado zinalia zikitafunwa. Unapozifinyanga paka mikono siagi, usizibane kwa nguvu, zitakuwa mawe. Ndege wangu ana mdomo wa kipande cha embe lililokaushwa.

#13 mgeni_wa_Urambo

Dada hongera sana. Mimi niliona kwenye simu wanatumia zile pipi nyeupe laini kama pamba, wanaziyeyusha na kuvuta nyuzi za utando wa buibui. Hapa zinapatikana?

#14 Nyanyembe_Jikoni

Dukani zinapatikana mara chache na bei yake si ya watoto kumi na wanne. Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya bei. Zile hugandishwa kwa jelatini, na jelatini nyingi hutoka kwa nguruwe, nyingine kwa ng'ombe. Kama nyumbani kwako kutakuwa na watoto wa Kiislamu, soma paketi vizuri, kama haina alama ya halali iache dukani.

Utando unaweza kuupata kwa shira ya kashata. Ikifika ile hatua ya kulia *ta*, epua, isubiri dakika moja izidi kuwa nzito, chovya uma, kisha uzungushe juu ya sinia lililopakwa mafuta. Inatoka nyuzi za dhahabu. Zitumie saa hiyohiyo, zikikaa zinalegea. Hii ni kazi ya mtu mzima peke yake jikoni.

#15 kaka_reli

Dada, tarehe 31 naomba nije na wangu watatu. Nitasimulia mimi.

#16 Nyanyembe_Jikoni

Karibu sana kaka. Tumekuwa kumi na saba basi.

#17 Nyanyembe_Jikoni (tarehe 1 Novemba)

Wakuu, habari za asubuhi. Nimeamka na sauti imekauka.

Tuliketi uwani chini ya mwembe saa moja na nusu usiku. Mabati yalikuwa bado yana joto. Tulizima taa zote, tukaacha vibatari viwili na jiko la mkaa. Kaka yetu wa reli alianza kwa sauti ndogo sana, watoto wakasogea mbele wenyewe bila kuambiwa.

Panzi walipopita kwenye sinia, yule mdogo wa Chicago aliruka akaenda nyuma ya mama yake. Binti wa jirani akamshika mkono akamwonyesha: "Ni tende." Akaonja pembe kwanza. Halafu akasimama akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Mama, huyu ndiye Shing'weng'we?" Wakaitikia kumi na sita kwa pamoja, "Hapanaaa!" Mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka.

Zimwi lenyewe nilikuwa nimelifunika kwa ungo. Nilipoufunua kukawa kimya. Macho ya labania yalikuwa yanang'aa kwa mafuta, ulimi mwekundu unaning'inia. Kwa joto lile tumbo lilianza kulegea kidogo upande wa jiko, kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayefuata: mtoe mwishoni kabisa, na msimuliaji asirefushe akishafika hapo. Kisu alipewa mtoto wa kaka_reli, ana miaka kumi. Alikata katikati, akavuta kwa mikono miwili, zile kashata zikamwagika kwenye sinia, na watoto wote wakapiga kelele "Wametokaaa!"

Wale wawili wadogo kabisa walikuwa na sahani yao ya labania na tende za vipande, kama muuguzi alivyoelekeza. Hakuna aliyelia.

Kuna jambo sikulipanga. Kisu kilipopita kilikata kipande cha biskuti kutoka kichwani, kikaanguka chini ya meza. Yule mkubwa wa Chicago akakiokota, akakitazama, akauliza, "Mama mkubwa, hili ndilo sikio la bibi?" Akalileta kwa mama yangu mzazi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pembeni usiku wote bila kusema neno. Mama akalipokea, akaliweka sikioni kwake, akasema limepona.

#18 BibiKashata_Ujiji

Mpe salamu mama yako. Mwambie mwakani nitaleta kashata mwenyewe, kwa treni.

#19 mpishi_wa_mkaa (Nzega)

Dada, na mimi nilifanya jana. Mchanga na gunia vimefanya kazi, ila niliyapeleka maji saa nane na saa kumi tu, ukingo ukalegea. Wewe ulirudishia kila baada ya muda gani?

#20 Nyanyembe_Jikoni

Kila gunia likiacha kudondosha unapolibana kwa ngumi. Mchana wa jua kali ni kama kila baada ya saa moja.